Meno ya mtoto wa paka: chanjo kwanza, dawa ya meno baadaye

Lubumbashi – Paka wengi wa mji huu hawakuletwa nyumbani kwa ajili ya uzuri wao. Waliletwa kwa sababu ya panya. Kutoka Katuba hadi Ruashi, mwenye gunia la unga wa mahindi anaijua hesabu hiyo: panya akiingia usiku, asubuhi gunia lina tundu, unga umemwagika chini, na uliobaki haujulikani kama bado unafaa kupikwa bukari. Ndipo mtoto wa paka anaombwa kwa jirani, anabebwa ndani ya boksi, na kabla ya jioni watoto wa nyumba wameshampa jina.

Siku hizi desturi hiyo ya zamani inakutana na rafu za maduka makubwa ya katikati ya mji. Karibu na vyakula vya mbwa huwekwa bidhaa za usafi wa kinywa cha wanyama: miswaki midogo, dawa ya meno yenye ladha ya kuku, dawa ya kutia ndani ya maji ya kunywa, vitafunio vya kusafisha meno na vitu vya mpira vya kutafunwa. Bidhaa nyingi za maduka ya Lubumbashi hupita mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Zambia na Afrika Kusini, na maandishi ya pakiti mara nyingi ni ya Kiingereza. Mnunuzi aliyesoma kwa Kifaransa anabaki kuangalia picha ya paka na bei. Asiye na pesa za rafu hiyo naye ana njia yake: anachukua dawa ya meno ya familia, anapaka kidogo kwenye kitambaa, na kumsugua mnyama.

Wote wawili wanaweza kukosea, na kwa sababu moja. Wameanza na bidhaa. Kwa mtoto wa paka, mpangilio unaofaa ni mwingine: kwanza chanjo, halafu mazoea ya mkono, halafu mswaki, na dawa ya meno ije mwishoni. Anayefuata mpangilio huo atatumia pesa kidogo, atamkinga mnyama wake, na zaidi ya hapo ataikinga familia yake.

Meno 26, halafu 30

Mtoto wa paka huzaliwa bila meno. Meno ya utotoni huanza kutokeza akiwa na wiki mbili au tatu hivi, na yakikamilika huwa 26. Kuanzia karibu miezi mitatu na nusu, meno hayo huanza kuanguka na nafasi yake kuchukuliwa na ya kudumu. Akifikisha miezi sita au saba, paka huwa na meno 30 ambayo atayatumia maisha yake yote. Mengi ya yale yanayoanguka mwenye paka hayaoni kabisa, kwa sababu mnyama huyameza akila. Hilo halina hatari.

Tatizo la meno ya paka huanza polepole. Kwenye kila jino hujengeka utando laini wa vijidudu. Usipoondolewa, ndani ya siku chache madini ya mate huufanya kuwa mgumu, na hapo unakuwa ule ukoga ambao matabibu huuita tartre. Mswaki hauwezi tena kuuondoa. Fizi zinavimba, zinatoa damu, zinaachana na jino, na mfupa unaolishikilia jino unaliwa chini kwa chini. Kituo cha afya ya paka cha Chuo Kikuu cha Cornell, nchini Marekani, kinaeleza kwamba tafiti zimekuta ugonjwa wa meno wa namna moja au nyingine kwa kati ya asilimia 50 na 90 ya paka waliopita miaka minne.

Takwimu hiyo inahusu paka wazima, na hilo ni muhimu kwa mnunuzi. Mtoto wa paka wa miezi mitatu kwa kawaida hana ukoga wa kuondoa. Utando uliopo kwenye meno yake ya utotoni utaondoka pamoja na meno hayo. Kinachotafutwa katika umri huo ni kumfundisha. Paka aliyezoea tangu utotoni kwamba mkono wa mtu unaweza kugusa midomo yake bila kumwumiza, atakubali mswaki akiwa mkubwa. Aliyeanzwa akiwa na miaka mitatu atakwaruza, atauma na kukimbilia juu ya paa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye mtoto wa paka si kipi kinasafisha zaidi. Ni kipi mnyama atakizoea bila kudhurika.

Paka hatemi

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji kusoma Kiingereza wala Kifaransa. Mtu akipiga mswaki, anasukutua na kutema. Paka hatemi. Chochote kinachowekwa kwenye meno yake kinaishia tumboni, leo, kesho na kila siku atakayosuguliwa. Kwa hiyo kila chupa na kila mrija upimwe kwa swali hili: je, kitu hiki kinaweza kumezwa kila siku na mnyama wa kilo moja?

Dawa ya meno ya watu inashindwa kipimo hicho. Ina floridi, ambayo ni nzuri kwa jino la mtu anayetema lakini haifai kumezwa. Ina sabuni ya kutoa povu, ambayo huwasha tumbo. Hata kwenye mirija ya watu, mara nyingi huandikwa kwamba mtoto mdogo asimeze na asimamiwe na mzazi. Ikiwa mtoto wa kilo 15 anaonywa, paka wa kilo moja hana nafasi. Ladha kali ya mnanaa nayo humfanya achukie kitendo chenyewe, na siku hiyo somo linakuwa limeharibika.

Dawa za kienyeji nazo zinashindwa. Chumvi na bikabonati, ambazo wazee wengi walizitumia kwa meno yao, zina sodiamu nyingi mno kwa mwili mdogo kama ule. Majivu na unga wa mkaa hukwaruza jino. Kitunguu saumu ni sumu kwa damu ya paka. Mafuta ya karafuu, ambayo watu hupaka kwenye jino linalouma, ni ya hatari zaidi. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali nyingi ambazo ini la mtu au la mbwa linaziweza, na mafuta makali ya mimea ni miongoni mwake. Kinachomtuliza baba mwenye nyumba kinaweza kumlaza paka wake.

Dawa ya kusukutua ya farmasia nayo isiingie kinywani mwa paka. Nyingi zimetengenezwa kwa alkoholi au mafuta ya mimea, na zote zimetengenezwa kwa mtu anayetema.

Ya mbwa si ya paka

Kosa jingine la madukani ni kudhani kwamba bidhaa ya mbwa ikipunguzwa kipimo inakuwa ya paka. Wafugaji wengi wamekwisha kujifunza jambo hili kwa uchungu upande wa viroboto: permethrin, dawa ambayo mbwa huivumilia, huua paka. Kwenye meno hatari si lazima iwe kubwa namna hiyo, lakini kanuni ni ileile. Bidhaa ambayo pakiti haisemi wazi kwamba ni ya paka, ibaki dukani.

Umri nao uangaliwe. Neno la kutafutwa ni chaton kwenye pakiti za Kifaransa, na kitten kwenye zile za Kiingereza. Vyakula vikavu vya kusafisha meno na vitafunio vya aina hiyo kwa kiasi kikubwa vimetengenezwa kwa paka wazima, waliopita mwaka mmoja. Mtoto wa paka anahitaji chakula chenye protini na nguvu nyingi kuliko cha mkubwa, kwa sababu bado anajenga mifupa. Kumjaza vitafunio vya meno ni kumpunguzia chakula cha kukua. Na chakula kikavu cha kawaida hakisafishi meno kwa sababu tu ni kigumu: punje nyingi huvunjika mara zinapoguswa na jino, bila kusugua chochote.

Dawa ya kutia ndani ya maji ya kunywa inavutia kwa sababu haihitaji kumshika mnyama. Lakini paka ni mnyama anayekunywa kidogo kwa asili yake, na ana pua kali. Maji yakibadilika harufu, anaweza kuyaacha kabisa. Kwa mtoto wa paka, tena katika joto la Oktoba, kuacha maji ni hatari ya leo, wakati ukoga unaotafutwa kuzuiwa ni hatari ya miaka ijayo. Bidhaa hiyo inaweza kungoja.

Kwa anayetaka kujua kama ahadi ya pakiti ina msingi, ipo alama moja ya kutafuta: VOHC. Ni baraza la afya ya kinywa cha wanyama, Veterinary Oral Health Council, lililoanzishwa Marekani mwaka 1997. Baraza hilo halipimi bidhaa lenyewe. Mtengenezaji ndiye anayefanya majaribio mawili kwa kufuata masharti yake, halafu baraza linachunguza matokeo. Ili kukubaliwa, bidhaa inatakiwa kuonyesha kwa wastani imepunguza utando au ukoga kwa walau asilimia 20. Mnunuzi aelewe pia kile ambacho alama hiyo haisemi. Haisemi kwamba bidhaa inatibu ugonjwa, wala haisemi kwamba kila bidhaa isiyo nayo ni mbaya, kwa sababu kampuni nyingi haziombi. Inasema tu kwamba kuna mtu mwingine, mbali na muuzaji, aliyeangalia hesabu. Katika soko lililojaa ahadi, hilo si dogo.

Yanayotafunwa

Meno mapya yakitaka kutoka, fizi huwasha, na mtoto wa paka hutafuna kila kitu: kamba za viatu, waya za simu, pembe za mkeka. Huo ndio wakati mwenye nyumba hushawishika kumpa mfupa. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, huvunjika vipande vyenye ncha, na vipande hivyo huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Uzi wa kushonea na nyuzi za gunia ni mbaya zaidi. Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishaingia unaendelea kumezwa, na tumboni unaweza kukunja utumbo mpaka ukakatika. Mnyama wa namna hiyo hahitaji dawa ya meno. Anahitaji upasuaji, na katika miji mingi ya nchi hii upasuaji wa paka haupatikani kirahisi.

Kipimo cha kitu cha kutafunwa ni ukucha wa kidole gumba. Kitu kikibonyea kidogo chini ya ukucha, jino litakiweza. Kisipobonyea kabisa, jino ndilo litakalovunjika. Mpira laini, mkubwa kuliko mdomo wa paka, usio na vipande vya kung'olewa, unafaa. Kitambaa safi kilicholowanishwa maji baridi, akitafune mbele ya mtu mzima kisha kiondolewe, kinafaa pia na hakigharimu kitu.

Pesa za kwanza

Hapo ndipo hoja kubwa inapofika. Kusafisha meno ya paka ni kutia vidole ndani ya kinywa cha mnyama mwenye chonge kali, ambaye bado hajajifunza kwamba vidole si nyama. Ataviuma. Katika nchi ambamo ugonjwa wa kichaa cha mbwa bado unaua watu, jambo hilo haliwezi kuachwa pembeni kana kwamba ni la mbwa peke yao.

Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliambukizwa na mbwa. Shirika la afya duniani, OMS, linasema mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Lakini paka aumwaye na mbwa mgonjwa huambukizwa, na paka wa Lubumbashi analala nje, anatembea juu ya kuta na kupita katika viwanja vilevile ambavyo mbwa wasio na mwenyewe huzurura. Virusi vinakaa ndani ya mate. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kifo hakikosi kufuata, isipokuwa kwa nadra mno.

Kwa sababu hiyo, pesa za kwanza ambazo familia inatenga kwa ajili ya paka ziende kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa wiki 12 hivi. Kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka, na chanjo hurudiwa kwa tarehe ambazo daktari wa mifugo anaandika kwenye karatasi. Ikiwezekana aulize pia chanjo ya magonjwa ya mafua ya paka, kwa sababu kimoja cha virusi vyake, calicivirus, huleta vidonda ulimini na kwenye fizi ambavyo hakuna mswaki utakaoviponya.

Kabla ya hapo, mazoezi yabaki nje ya midomo. Na kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa nyumba anatakiwa kulijua kwa moyo. Paka anayetokwa na mate mengi na aliyebadilika tabia, mpole akawa mkali au mkali akawa kama amelewa, asifunguliwe kinywa kuangaliwa meno. Inaweza kuwa jino. Inaweza pia kuwa kichaa cha mbwa, na mtu wa nyumbani hawezi kutofautisha kwa macho. Atengwe bila kushikwa, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata paka mzima kabisa ana vijidudu mdomoni vinavyoweza kuvimbisha mkono mzima. Kuumwa na paka kusichukuliwe kama mchezo.

Somo la kila jioni

Baada ya chanjo, kazi inayobaki ni ya subira. Tangu wiki ya nane, mtu mzima mmoja, na awe yuleyule, ampapase paka mashavuni baada ya kula, sekunde chache tu, kila siku. Siku zikienda, anainua mdomo wa juu kwa kidole, anaangalia, anaachia. Akitulia anapewa kitu anachokipenda, kwa mfano kipande kidogo cha samaki asiye na chumvi wala mifupa. Akikataa, somo limekwisha kwa siku hiyo. Kumbana kwa nguvu kunafundisha jambo moja tu, nalo ni kukimbia.

Akipita miezi minne, chanjo ikiwa imeshika, kidole kilichofungwa kitambaa laini kilicholowa maji kinaweza kupita juu ya meno. Fizi zikiwa nyekundu au zikitoa damu kidogo kwa sababu jino jipya linatoka, mapumziko ya siku chache ni bora kuliko kumwumiza. Akifikisha miezi sita au saba, meno ya kudumu yakiwa yametoka, ndipo mswaki unapoanza kufanya kazi yake ya kweli.

Mswaki wenyewe si lazima uwe wenye picha ya paka. Mswaki wa mtoto mchanga, wenye kichwa kidogo na nywele laini kabisa, unafanya kazi hiyohiyo. Uwe wa paka huyo mmoja, usichanganywe na wa watu, usitumiwe kwa paka wawili. Unasuguliwa upande wa nje wa meno, ule unaogusa shavu, hasa magego ya juu ya nyuma na chonge, pale ambapo ukoga hupenda kukaa. Upande wa ndani husafishwa kwa sehemu na ulimi wenyewe. Nusu dakika kila upande inatosha. Kila siku ndiyo bora. Mara tatu kwa wiki ni bora mara nyingi kuliko mara moja kwa mwezi.

Na dawa ya meno? Ile ya paka, yenye ladha ya kuku au samaki na isiyohitaji kutemwa, ni msaada mzuri, kwa sababu inamfanya mnyama aupende mswaki. Baadhi zina vimeng'enya vinavyopunguza vijidudu. Lakini kinachoondoa utando ni kusugua. Familia isiyoweza kuinunua, au iliyoikuta dukani imepita tarehe yake, isirudi kwenye mrija wa watu. Mswaki laini na maji safi vinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Maumivu si ya paracetamol

Ipo hatari moja isiyo kwenye rafu ya wanyama kabisa. Imo kwenye kabati la kila nyumba. Mwenye paka akiona mnyama wake anadondosha chakula, anatafuna upande mmoja, anajikuna mdomo kwa mguu au ananuka kinywa, huruma inamtuma kwenye paracetamol. Asifanye hivyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mkubwa, sembuse mtoto wake. Ni lile ini lililotajwa juu: halina njia ya kukivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinabadilika rangi na mnyama anakufa kwa kukosa pumzi. Ibuprofen na aspirini nazo zisitolewe nyumbani. Nusu kidonge si dawa, na robo si tahadhari.

Dalili hizo zinamhusu daktari wa mifugo. Vilevile paka aliyepita miezi saba akiwa na meno mawili mahali pamoja, la utotoni likiwa limegoma kuanguka kando ya lile jipya, aonekane mapema, kwa sababu chakula hukwama katikati na ugonjwa huanzia hapo. Na atakayeahidi kukwangua ukoga wa paka aliye macho, bila kumlaza kwa dawa ya usingizi, atasafisha kinachoonekana tu. Ugonjwa unakaa chini ya fizi.

Je, ni anasa?

Wapo watakaosema kwamba katika nchi ambamo watu wengi hawajawahi kukaa kwenye kiti cha tabibu wa meno, kuzungumzia mswaki wa paka ni dharau. Pingamizi hilo lina uzito, na halijibiwi kwa kucheka. Mzazi anayechagua kati ya karo ya shule na chakula cha paka hana cha kuchagua.

Lakini hoja iliyotolewa hapa haimwombi mzazi huyo anunue rafu nzima. Inamwambia asinunue. Inamwambia asitumie pesa kwa vitafunio ambavyo mnyama wake hajafikia umri wake, asimpake dawa ya meno ya watoto wake, asimpe kidonge kitakachomwua. Anachoombwa kulipia ni chanjo, na chanjo hiyo inawalinda watoto wanaomkumbatia paka kila jioni zaidi ya inavyomlinda paka. Yanayobaki ni maji, kitambaa, mswaki mmoja wa mtoto mchanga na dakika mbili za subira. Paka ambaye meno yake yanauma hula kwa shida, hudhoofika, na mwishowe panya anarudi kwenye gunia.

Wanaodaiwa zaidi ni wauzaji. Anayeingiza bidhaa ya kutiwa mdomoni mwa mnyama, na kuiuza Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, anaweza kubandika karatasi ndogo yenye mistari minne kwa Kifaransa na Kiswahili: ni ya mnyama gani, ya umri gani, inamezwa au haimezwi, na mwisho wake ni tarehe gani. Gharama yake ni ndogo, na mnunuzi ana haki ya kuidai kabla ya kutoa pesa.

Wataalamu nao wana sehemu yao. Mji huu una bahati ambayo miji mingi ya nchi haina: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha tiba ya wanyama. Siku ya kichaa cha mbwa duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba. Ingekuwa vizuri siku hiyo, pamoja na mbwa wanaoletwa kwa kamba, watoto wa mitaa walete pia paka wao ndani ya maboksi, wachanjwe, na wenye nyumba waonyeshwe namna ya kuinua mdomo wa paka bila kuumwa. Somo hilo halichukui dakika kumi, na mzazi akirudi nyumbani anaweza kuwaonyesha majirani.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenye mtoto wa paka akisimama mbele ya rafu akumbuke maswali mawili, kwa mpangilio huu. Paka huyu amechanjwa? Na kitu hiki, akikimeza, kitamfanya nini? Asiyepata jibu la yote mawili, arudishe pakiti mahali pake na kwanza amtafute daktari wa mifugo.